Kunja, Kunjua, Pindua: Mashua ya Karatasi kwa Maneno Matupu

Mwezi wa tatu mwaka jana, saa mbili za usiku, yaya wangu alinipigia simu kutoka Kolwezi. Yaya ni mkubwa wangu wa tumbo moja, na ndiye aliyenifundisha kukunja karatasi nilipokuwa na miaka mitano au sita, kwenye baraza la nyumba yetu huko Likasi. Mtoto wake alikuwa amegongwa na pikipiki. Mguu ulikuwa umefungwa gipsi, alikuwa na siku ya nne hospitalini, na tangu asubuhi alikuwa akilia kwamba anataka mashua. Yaya alikuwa na karatasi mkononi, lakini mikono yake haikukumbuka kitu.

"Mudogo, nimesahau," aliniambia. "Naanza muzuri, kisha inapotea. Unieleze pole pole."

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, isiyo na kamera. Yangu ilikuwa na inite za dakika chache, na yeye hakuwa nazo kabisa, kwa hiyo nilimpigia mimi. Nikamwambia: kunja katikati. Akakunja. Shusha pembe mbili za juu zikutane. Akashusha. Sasa pandisha ule mkia uliobaki chini. Kimya. "Mukia gani? Hapa hamuna mukia." Tulirudi mwanzo mara tatu ndipo nilipotambua kosa. Yeye alikuwa amekunja karatasi kwa urefu wake, ikawa nyembamba kama rula. Mimi nilikuwa ninamwona moyoni akiikunja kwa njia nyingine. "Katikati" lilikuwa neno sahihi kwetu sote wawili. Inite zikaisha akiwa ameshika kitu ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, kilifanana na bahasha iliyokaliwa na mtu.

Nimesoma lugha katika kitivo hiki kwa miaka mitatu. Ninaweza kuchambua sentensi ndefu mpaka kiambishi chake cha mwisho, lakini nilishindwa kumweleza mtu jinsi ya kukunja karatasi, jambo ambalo mtoto wa miaka saba analifanya huku akiangalia pembeni. Makala haya yametoka katika aibu hiyo. Ndani yake ninaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja: jinsi tulivyojifunza michezo ya karatasi utotoni bila maneno, na maneno gani Kiswahili kinatupa tunapolazimika kuieleza kwa mdomo tu.

Kwetu hakuna aliyefundishwa kukunja kwa maneno. Yaya aliketi barazani, mimi nikaketi ubavuni pake, si mbele yake, kwa sababu anayeketi mbele huona kulia kuwa kushoto. Neno lake lilikuwa moja: "Angalia." Nilipokosea hakusema nimekosea wapi. Aliichukua karatasi, akaikunjua mpaka pale nilipopotea, akanirudishia. Sasa ndipo ninapoona kwamba somo lenyewe lilikuwa katika kule kukunjua.

Karatasi tulizitoa katikati ya daftari, kaye kama tunavyosema, pale kwenye pini mbili, maana ukichomoa hapo unapata kurasa mbili zilizoshikana na mwalimu hagundui mapema. Mkasi hatukuwa nao. Tulikunja, tukapitisha ukucha juu ya mkunjo, tukaulamba kwa ulimi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tukapasua. Mkunjo uliolowa hupasuka umenyooka kuliko uliokatwa na mkasi butu. Kwa njia hiyo hiyo tulipata mraba: shika pembe moja ya juu, ilete mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, na ule utepe unaobaki nje, lamba, pasua. Utepe haukutupwa. Ulikuwa mkia wa tiara.

Kiangazi, upepo wa mwezi wa saba ulipoanza kusukuma vumbi, tulirusha ndeke. Ndivyo ndege ya kuruka inavyoitwa kwetu, na jirani zetu Wabemba nao husema indeke. Masika mitaro ya barabara ilijaa, na hapo ulikuwa wakati wa mashua. Kofia zilikuwa za mafundi wa rangi, waliozikunja kwa magazeti ili rangi ya dari isiwadondokee kichwani, nasi tuliwaiga. Wasichana walikuwa na ule mchezo wa midomo minne inayovaliwa kwenye vidole, ambayo hufunguka huku na huku na kukuambia utaolewa na nani. Walimu wetu waliuita kwa Kifaransa cocotte. Sisi tuliuita kinywa tu, na wavulana tuliruhusiwa kuuliza lakini si kuushika.

Mama aliuza karanga. Madaftari yetu ya mwaka uliokwisha yalikuwa mali yake: kila ukurasa ulitoa mifuko miwili midogo yenye umbo la pembe, na mteja aliyemaliza karanga zake alibaki na imla yako mkononi, na makosa yake ya wino mwekundu. Nilipokuwa mwaka wa nne wa msingi nilifanya kosa ambalo bado linasimuliwa nyumbani kila Krismasi. Nilikunja mashua kwa risiti ya minervali. Ilikuwa karatasi ngumu, nzuri, iliyokaa sawa majini. Ilipita nyumba tano na kuingia chini ya daraja la mtaro, isionekane tena. Muhula ulipofika mwisho shule ilidai risiti, na daftari la shule lenyewe halikuonyesha malipo yetu. Nilikaa nyumbani wiki mbili mpaka mama alipolipa mara ya pili. Hakunipiga. Alinipa kazi: mifuko 100 ya karanga kila jioni, kwa karatasi zilizohesabiwa. "Ukunje," alisema, "lakini uangalie mbele unakunja nini." Tangu hapo sijakunja karatasi yoyote kabla ya kuisoma pande zote mbili.

Sasa tukiangalie kitenzi chenyewe. Kunja ni kitenzi chenye mikono mingi. Tunakunja nguo, tunakunja mkeka, tunakunja mikono ya shati, tunakunja ngumi, tunakunja goti, tunakunja uso. Mkeka hauna mstari wa mkunjo, unaviringwa. Ngumi haina mstari pia. Kinachounganisha matendo hayo yote ni kitu kilichotandaa kurudishwa juu yake chenyewe mpaka kikashika nafasi ndogo. Kwa hiyo mama hakukosea aliposema nikunje mifuko, ingawa karatasi ya karanga huviringwa kwanza na kukunjwa mara moja tu, chini, ili karanga zisimwagike. Upana huo wa maana ni mzuri katika maisha ya kila siku. Kwenye simu ni hatari.

Kinyume chake ni kunjua, na hapa lugha yetu inafanya jambo ambalo Kifaransa hufanya kwa upande mwingine wa neno. Kifaransa huweka kiambishi mbele: plier, déplier. Kiswahili huingiza kiambishi nyuma ya mzizi: kunja, kunjua, funga, fungua, tega, tegua, ziba, zibua. Mzizi wenye irabu o huvuta kiambishi kiwe o pia: choma, chomoa. Msomaji aliyezoea kauli ya kutendea ataona tofauti. Kutendea hugeuka kuwa e baada ya e na baada ya o: tegea, chomea. Kutendua hugeuka baada ya o peke yake, ndiyo sababu tunasema tegua na si tegoa. Kwetu Katanga wengi hutamka kufungula, kuvula, kukunjula, wakiwa na l ambayo Kiswahili cha pwani kimeiacha. Waalimu hutusahihisha, nasi hujisahihisha tukiwa darasani. Lakini l hiyo si uchafu. Lugha nyingi za Kibantu zinayo: Kikongo kina kanga na kangula, Kibemba kina kaka na kakula, na yote hayo ni kufunga na kufungua.

Wakunjaji wa karatasi hukutana na kutendua mara nyingi kuliko watu wengine, kwa sababu mikunjo mingi hufanywa ili ikunjuliwe. Unakunja, unabana, unakunjua: karatasi inarudi bapa, lakini sasa ina mstari, na mstari huo ndio utakaoongoza hatua ya tano au ya sita. Kutendua hakurudishi hali ya kwanza kabisa. Kuna neno moja la familia hii ambalo ninalipenda kuliko yote, nalo ni mkunjufu. Mtu mkunjufu ni yule ambaye uso na moyo wake vimekunjuka. Hatumwiti hivyo mtu aliyezaliwa bapa.

Mtego uko kwenye jozi ya pinda na pindua. Anayefuata kanuni atadhani pindua ni kunyoosha kilichopindwa. Sivyo. Pindua ni kugeuza juu kuwa chini, na humo ndimo lilimotoka mapinduzi. Katika kukunja karatasi neno hili lina kazi yake maalumu, na inafaa tulilinde: pindua, karatasi ilale kifudifudi, uone mgongo wake. Kuizungusha juu ya meza huku uso ukibaki ule ule ni zungusha. Geuza ni neno la hatari maana linafaa kwa yote mawili, na mimi nimelifukuza katika maelezo yangu.

Halafu kuna kauli ya kutendea. Kunja ukingo: upande gani? Kunjia ndani, kunjia nje, kunjia kwako, kunjia nyuma: kiambishi kimoja kinaleta mahali ambapo mkunjo unaelekea. Kauli hiyo hiyo hubeba pia mtu anayefanyiwa, na hilo ndilo lililokuwa ombi letu la kwanza la utotoni: "Yaya, unikunjie ndeke." Mwana wa yaya naye alikuwa amemlilia baba yake hivyo hivyo, "unikunjie mashua". Neno moja lina mwelekeo na lina upendeleo, na msikilizaji hujua lipi ni lipi bila kufundishwa.

Wajapani, ambao jina la sanaa hii limetoka kwao (ori kutoka kukunja, kami karatasi), hutenganisha mkunjo wa bonde na mkunjo wa mlima: tani-ori na yama-ori. Ukikunjia ukingo kwako, mstari unazama kama bonde. Ukiukunjia nyuma, mstari unainuka kama mgongo wa mlima. Ni mkunjo ule ule ukitazamwa kutoka pande mbili. Kwa mtu wa Katanga maneno haya hayahitaji tafsiri ndefu, na ningependa tuyachukue jinsi yalivyo: bonde na mlima.

Lakini hata Wajapani hawakulitatua tatizo la simu kwa maneno. Walilitatua kwa mishale. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 katika familia ya wakulima, alifanya kazi kiwandani akiwa kijana, na alipopandishwa cheo alitumia karatasi zilizokunjwa kuwafundisha vijana wenzake jiometri. Kitabu chake cha mwaka 1954 kilieneza njia ya kuchora kila hatua: vistari vifupi kwa bonde, vistari na nukta kwa mlima, mshale kwa mwelekeo wa mkono. Mwaka 1961 Mmarekani Samuel Randlett aliipanga upya njia hiyo katika kitabu chake, pamoja na Robert Harbin, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Uingereza. Tangu hapo mtu wa Osaka na mtu wa Madrid wanaweza kukunja mnyama mmoja bila kuelewana neno hata moja. Yoshizawa alifariki mwaka 2005. Alichofanya ni sawa na kutunga mwandiko, ila ni mwandiko ambao hausomeki kwa sauti. Kwa hiyo haufai kitu kwa baba aliyeshika simu ya vitufe.

Tusidhani pia kwamba kila karatasi iliyokunjwa imetoka Japani. Ulaya ilikuwa na mapokeo yake. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za mikono za watoto, na mafundisho yake yalifika Tokyo mwaka 1876 ilipofunguliwa shule ya kwanza ya namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Kijapani wa wakati ule aliweza kujifunza shuleni mikunjo iliyotoka Ujerumani na nyumbani mikunjo ya bibi yake. Hispania ina ndege wake wa karatasi, pajarita, na mwenye kumpenda kuliko wote alikuwa mtu wa fani yetu: Miguel de Unamuno, profesa wa Kigiriki na mkuu wa Chuo Kikuu cha Salamanca. Mwaka 1902, mwishoni mwa riwaya yake Amor y pedagogía, aliambatisha maandishi ya mzaha yenye sura ya kitaalamu juu ya elimu ya ndege wa karatasi, elimu aliyoipa jina la cocotología. Alichukua neno lile lile la cocotte ambalo walimu wetu wa Likasi waliliita kinywa cha wasichana. Nilipolikuta neno hilo katika maktaba, nikiwa mbali sana na baraza letu, nilicheka peke yangu mpaka mtunza vitabu akaniangalia.

Utotoni hatukujua mnyama mashuhuri kuliko wote wa karatasi, yule korongo, orizuru. Nilimjua nikiwa mkubwa, na nilimjua pamoja na habari yake. Wajapani walimkunja tangu zamani. Kitabu cha Kyoto cha mwaka 1797 kinaonyesha namna ya kutoa kundi la korongo walioshikana kutoka karatasi moja iliyopasuliwa kidogo kidogo. Imani yao ni kwamba anayekunja korongo 1000 hutimiziwa ombi. Msichana Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1955, akiwa na miaka kumi na miwili, alilazwa kwa saratani ya damu, na hapo kitandani akaanza kukunja korongo, hata kwa karatasi zilizofungiwa dawa. Alifariki tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo. Sanamu yake, akiwa ameinua korongo juu ya kichwa, ilizinduliwa Hiroshima mwaka 1958, na watoto wa dunia bado wanapeleka korongo wa karatasi hapo.

Mtu wa Likasi hawezi kusoma habari hiyo kama mtu wa mahali pengine. Mgodi wa Shinkolobwe uko kilomita kama 20 tu kutoka mjini kwetu. Urani iliyotumika katika kutengeneza bomu la Hiroshima, kwa sehemu kubwa, ilichimbwa hapo na watu wa kwetu, chini ya Union Minière, bila kuambiwa inakwenda wapi. Nkambo yangu aliijua njia ya kwenda Shinkolobwe kwa miguu. Mimi nilikulia karibu na shimo hilo nikikunja ndeke na mashua, na nilifika chuo kikuu kabla ya kujua kwamba kulikuwa na mtoto aliyekunja korongo kwa sababu ya kilichotoka humo. Sina la kuongeza juu ya hilo isipokuwa swali la sarufi, na ninaliuliza bila mzaha. Ndege anayeishi ni ndege huyu, ndege ya kuruka ni ndege hii, ndivyo tulivyofundishwa. Korongo wa karatasi ni huyu au ni hii? Nimewauliza wenzangu tisa. Saba walisema hii, kwa kuwa ni karatasi. Nilipowasimulia habari za Sadako kisha nikauliza tena, wanne kati yao walisema huyu.

Narudi kwa mtoto wetu, naye yuko kitandani. Baada ya simu ile ya kwanza nilikaa usiku huo na rimu ya karatasi chakavu na kalamu, nikaandika hatua zote za mashua kwa Kiswahili, kisha nikawasomea wenzangu watatu wa chumba, mimi nikiwa nimewapa mgongo ili nisisaidie kwa mikono. Wa kwanza alipotea kwenye "katikati", kama yaya. Wa pili alifika mbali, lakini niliposema "fungua kofia" aliikunjua yote, akabaki na karatasi bapa yenye mikunjo na uso wa kulaumu. Alikuwa na haki. Kufungua mdomo wa kitu si kukunjua kitu. Hapo nikaweka panua kwa mdomo, nikaacha kunjua kwa mkunjo peke yake. Wa tatu alimaliza. Nilisahihisha siku tatu, na maneno yaliyobaki ni haya.

Weka karatasi mezani, ukingo mmoja mfupi ukielekea kifuani kwako. Shika ukingo mfupi wa juu, ulete kwako mpaka ulale sawasawa juu ya ukingo mfupi wa chini, bana. Sasa mkunjo uko juu, na kingo mbili zilizo wazi ziko kwako. Shika pembe ya juu ya kulia na pembe ya juu ya kushoto, uzilete chini mpaka zigusane katikati bila kupandana. Umepata paa la nyumba, na chini ya paa umebaki utepe wenye tabaka mbili. Tabaka la juu likunjie juu, lilale kwenye paa. Pindua karatasi nzima. Tabaka lililobaki nalo likunjie juu. Hapa una kofia.

Ingiza vidole gumba viwili ndani ya mdomo wa kofia, upanue, uendelee kupanua mpaka ncha ya kulia na ncha ya kushoto zikutane, kisha lalisha. Ni mraba uliosimama kwa pembe yake. Vijipembe vya utepe vinavyogongana, kimoja kiingize chini ya kingine. Pembe ya chini ina tabaka mbili: la juu likunjie juu mpaka ncha zilingane, pindua, la pili vilevile. Ni pembetatu yenye mdomo chini. Ingiza vidole gumba tena, panua, lalisha: mraba wa pili, mdogo. Juu yake kuna ncha mbili zilizo huru, kama masikio, moja kulia na moja kushoto. Zishike, uvute nje pole pole. Mashua itainuka yenyewe.

Mwenye karatasi ataona kwa nini yaya hakuwa na mkia. Ukikunja kwa urefu, karatasi inakuwa pana lakini fupi, na pembe mbili zikishuka kukutana katikati zinapita hata ukingo wa chini. Hakuna utepe unaobaki. Mashua yote imo katika utepe ule, na utepe wote umo katika kuchagua ukingo wa kwanza. Ndiyo maana sisemi tena "katikati". Nasema ukingo mfupi juu ya ukingo mfupi.

Walimu wa miaka ya kwanza ya msingi katika jimbo letu hutakiwa kufundisha kwa Kiswahili, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaitambua lugha ya mazingira kama lugha ya kufundishia. Kazi ya mikono ni somo lao pia. Nimeona madarasa ambapo mwalimu hugeukia Kifaransa pale tu anapofika kwenye pembe na kingo, akiamini kwamba Kiswahili hakina maneno hayo. Kinayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyakalisha mezani, kuyajaribu kwa wenzake watatu, na kuyafukuza yale yanayodanganya. Kazi hiyo inafaa zoezi la mwaka wa pili kuliko mengi tunayopewa, na ninaitaja hapa nikijua kwamba wahadhiri husoma kurasa hizi.

Siku ya nane ya mtoto hospitalini nilimpigia yaya, nikiwa na inite za kutosha na karatasi yangu mkononi. Nilimsomea pole pole. Ukingo mfupi juu ya ukingo mfupi. "Ndiyo." Pembe mbili zigusane. "Zimegusana." Utepe, tabaka la juu, kunjia juu. Pindua. La pili. "Mudogo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na rafiki sokoni, "hii ni kofia ya wapiga rangi!" Nikamwambia ndiyo, lakini bado, ingiza vidole gumba ndani ya mdomo.

Hakujibu. Nilisikia kicheko cha mtoto, kisha sauti ya yaya akibembeleza, kisha mtoto akikataa kwa nguvu. Kofia ilikuwa tayari kichwani, na hakutaka mtu ayeyushe kofia yake ili apate mashua. Alitaka vyote viwili.

"Sasa tufanye nini?" yaya akaniuliza.

Nikamwambia atafute karatasi ya pili, na aisome kwanza pande zote mbili. Akaiweka simu juu ya kitanda bila kuikata, na nikamsikia akienda mlangoni na kumwomba muuguzi: "Mama, samahani, hamuna kartasi ingine?"